Kalamu ya Mtoto wa Mfanyakazi: Mafunzo ya Uandishi wa Habari katika Vyuo vya Jamii vya Marekani

Katika madarasa yetu ya elimu ya siasa, kila tunapofika kwenye mada ya vyombo vya habari, swali la kwanza huwa ni lile lile: nani analimiliki gazeti? Swali hilo ni sahihi na halina budi kuulizwa. Lakini liko swali linalolitangulia, ambalo mara nyingi tunaliruka: mwandishi wa gazeti hilo ametoka katika nyumba ya nani, amefundishwa wapi, na kwa gharama ya nani? Gazeti haliandikwi na mtambo wa kuchapia. Linaandikwa na watu, na watu hao wamepita katika shule iliyowaonyesha kipi ni habari na kipi si habari.

Ili kulifafanua swali hilo tumechagua mfano usiotajwa sana katika maandishi yetu: vyuo vya jamii vya Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Marekani ni nchi ya kibepari iliyokomaa, ambako elimu ya juu huuzwa kwa bei kubwa; kwa hiyo chuo cha umma kinachomfundisha mtoto wa mfanyakazi uandishi wa habari kwa ada ndogo ni jambo la kuchunguzwa. Pili, ndani ya vyuo hivyo mgongano kati ya anayelipa na anayeandika unaonekana waziwazi. Hatukusudii kusifu wala kubeza. Tunakusudia kueleza.

CHUO CHA JAMII NI NINI?

Chuo cha jamii ni chuo cha umma kinachotoa elimu ya miaka miwili ya kwanza baada ya sekondari, karibu na makazi ya watu. Kilichodumu kuliko vyote vya umma ni kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi 6 tu. Wazo lilikuwa rahisi: masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu yafundishwe hapo hapo mjini, ili kijana asilazimike kuhama nyumbani kwao.

Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo vienezwe nchi nzima, na jina la "chuo cha jamii" likashika tangu hapo. Katika miaka ya 1960 vilifunguliwa vyuo vya umma zaidi ya 400. Leo viko takriban 1,000. Mlango wake uko wazi: hakuna mtihani wa kuwachuja waombaji wa masomo ya kawaida. Wengi wa wanafunzi husoma huku wakifanya kazi. Mchana mtu yuko dukani, hotelini au kwenye ghala la mizigo. Jioni yuko darasani.

Lazima ieleweke, hata hivyo, kwamba mlango huo haukufunguliwa kwa huruma. Viwanda na ofisi vilihitaji watu wenye ujuzi wa kati, nao wananchi walidai elimu kwa watoto wao. Mambo hayo mawili yalikutana. Mfano mzuri ni California, ambayo mwaka 1960 ilipitisha mpango mkuu wa elimu ya juu wenye ngazi tatu. Chuo Kikuu cha California kilitengewa sehemu moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari. Vyuo vikuu vya jimbo vilitengewa theluthi ya juu. Vyuo vya jamii vilipewa wote waliobaki. Msomaji atatambua mara moja sura ya jambo hili. Ni ngazi inayomruhusu kila mtu kupanda, lakini imekwisha kupangwa ni wengi kiasi gani watakaobaki chini.

Hata hivyo ada ni jambo la kutazamwa kwa haki. Hadi mwaka 1984 vyuo vya jamii vya California havikutoza ada ya kujiandikisha. Tangu mwaka 2012 mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa kila yuniti ya somo. Kozi ya miaka miwili ina yuniti 60. Kwa hiyo jumla ni dola 2,760, mbali na vitabu, nauli, chakula na pango. Katika mji wa San Francisco wakazi wamesoma bila ada tangu mwaka 2017, baada ya wapiga kura kukubali mwaka 2016 kuongeza kodi ya mauzo ya majengo yenye thamani ya dola milioni 5 na kuendelea. Ada ya mwanafunzi haikuondolewa na maneno mazuri. Iliondolewa kwa kuamua nani alipe badala yake.

GAZETI NDILO DARASA

Sasa tuingie katika mafunzo yenyewe. Marekani ina shule za uandishi wa habari zenye sifa kubwa. Shule ya Chuo Kikuu cha Missouri ilianza mwaka 1908. Ile ya Columbia, New York, ilifunguliwa mwaka 1912 kwa fedha alizoziacha Joseph Pulitzer, mwenye magazeti. Chuo cha jamii hakina majina kama hayo. Kina darasa, mwalimu mmoja au wawili, na gazeti.

Hilo gazeti ndilo kiini cha mafunzo. Mwanafunzi husoma masomo ya kawaida: namna ya kuandika habari, uhariri, upigaji picha, sheria na maadili ya kazi. Lakini somo kubwa ni lile la kutoa gazeti la chuo, ambalo huhesabiwa kama yuniti za masomo. Wanafunzi huchagua wahariri wao, hugawana kazi, huandika, hupanga kurasa, na huchapisha au kutangaza kwa mtandao. Mwalimu mlezi hushauri na kusahihisha baada ya gazeti kutoka. Hapa nadharia na vitendo havitenganishwi. Mwanafunzi aliyekosea jina la mtu hapati tu alama ya chini. Anapigiwa simu na mwenye jina.

Tuchukue mfano wa kazi moja ili msomaji aone inavyokwenda. Chuo cha jamii cha California husimamiwa na bodi ya wadhamini inayochaguliwa na wakazi wa eneo lake. Sheria ya mwaka 1953 inaitaka bodi kama hiyo ifanye vikao vyake hadharani, na ajenda ya kikao cha kawaida itangazwe saa 72 kabla. Mwanafunzi anatumwa kwenye kikao. Mwanzoni haelewi kitu: watu wazima wanasoma tarakimu na kupiga kura. Mwalimu wake anamwambia arudi kwenye ajenda, atafute fungu la fedha, alinganishe na la mwaka uliopita. Anagundua kwamba saa za maktaba zimepunguzwa huku fungu la washauri kutoka nje limeongezwa. Hapo ndipo anapoanza kuwa mwandishi.

Akinyimwa karatasi, iko sheria ya jimbo ya mwaka 1968 kuhusu nyaraka za umma. Anaandika barua, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 10 kama nyaraka hizo zinaweza kutolewa. Akitaka kujua uhalifu uliotokea chuoni, iko sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inayovitaka vyuo vinavyopokea misaada ya fedha ya serikali kuu vitangaze takwimu za uhalifu, na vile vyenye polisi au walinzi wao viweke daftari la matukio lililo wazi kwa umma. Kijana wa miaka 19, mtoto wa mpishi au dereva, anajifunza kwamba daftari la ofisi ni mali yake pia. Katika elimu ya uraia hatujaona somo lililo bora kuliko hilo.

Faida ya pili ni mahali. Mwanafunzi wa chuo cha jamii hakuletwa kutoka mbali. Anaijua mitaa, anajua basi lipi linachelewa na nyumba zipi kodi yake imepanda. San Francisco inatupa ushahidi. Julai 2012 tume inayotoa ithibati ilikipa chuo cha jamii cha mji huo onyo kali, na Julai 2013 ikatangaza kwamba ithibati yake ingeondolewa mwaka uliofuata. Makumi ya maelfu ya wanafunzi walikuwa katika hatari ya kupoteza chuo chao. Mji ulikwenda mahakamani, walimu na wanafunzi waliandamana, na Januari 2017 ithibati ikathibitishwa upya. Katika miaka hiyo gazeti la wanafunzi, The Guardsman, liliifuatilia habari hiyo kutoka ndani. Kwa waandishi wake haikuwa zoezi. Lilikuwa jambo la kama watamaliza masomo au hawatamaliza.

ANAYELIPA NA ANAYEANDIKA

Tumefika kwenye fundo la mada yetu. Gazeti la chuo hulipiwa kwa fedha za chuo, michango ya wanafunzi na matangazo kidogo. Chumba ni cha chuo, kompyuta ni za chuo, mwalimu ni mwajiriwa wa chuo. Na habari kubwa kuliko zote mwanafunzi anayoweza kuipata karibu naye inahusu chuo hicho hicho. Wahenga walisema: mkono usioweza kuukata, ubusu. Je, tunamfundisha mwandishi kuubusu mkono, au kuutazama una nini?

Marekani hujisifu kwa uhuru wa kusema ulioandikwa katika katiba yake. Lakini tukiichunguza historia tunaona kwamba maandishi ya katiba hayakutosha. Mwaka 1983 mkuu wa shule moja ya sekondari ya Hazelwood, Missouri, aliondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi, zilizokuwa na habari za mimba za wanafunzi na talaka za wazazi. Wanafunzi walishtaki. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 3, ilimpa ushindi mkuu wa shule: uongozi unaweza kulidhibiti gazeti linalogharamiwa na shule ukiwa na sababu halali za kielimu. Kuhusu vyuo, mahakama ililiacha swali bila jibu.

Jibu halikuchelewa kutafutwa. Mwaka 2000, katika chuo kikuu kimoja cha umma cha Illinois, Governors State, gazeti la wanafunzi lilikuwa limeukosoa uongozi. Mkuu mmoja wa idara ya wanafunzi alimpigia simu mchapaji na kumtaka asichapishe toleo jingine kabla uongozi haujalipitia. Kesi ilifika mahakama ya rufani ya shirikisho yenye makao Chicago, ambayo mwaka 2005 iliamua kwamba kanuni ya Hazelwood inaweza kutumika hata vyuoni. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza.

Tazameni sasa kilichofuata. Mwaka huo huo wa 2006 bunge la California lilipitisha sheria ya kuzuia uongozi wa vyuo vya umma kuyakagua magazeti ya wanafunzi kabla ya kuchapishwa. Mwaka 2007 Illinois, jimbo ambamo kesi ilizaliwa, lilipitisha sheria yake. Ikaanza kutumika Januari 2008. Ni kusema kwamba pale ambapo mahakama iliegemea upande wa anayelipa, wananchi walilazimika kwenda bungeni kumlinda anayeandika. Katika majimbo yasiyo na sheria kama hizo, mwanafunzi anategemea zaidi hisani ya mkuu wa chuo, na hisani hubadilika mkuu anapobadilika.

Zaidi ya hayo, ziko njia za kulinyamazisha gazeti ambazo hazihitaji kalamu nyekundu. Fungu la fedha hupunguzwa kwa kisingizio cha kubana matumizi. Mwalimu mlezi hahuishwi mkataba. Darasa hufutwa kwa kuwa wanafunzi ni wachache. Kila hatua ina maelezo yake ya kiofisi, na kila maelezo yanaweza kuwa ya kweli. Ndiyo maana ulinzi wa kalamu si sheria tu. Ni bajeti pia, na ni ajira ya mwalimu. Walimu wengi wa vyuo vya jamii ni wa muda, wanaolipwa kwa somo. Mwalimu asiyejua kama atafundisha muhula ujao hawezi kwa urahisi kumwambia mwanafunzi wake asiogope.

MIPAKA YA MLANGO ULIO WAZI

Tungekuwa tunapotosha kama tungeishia kwenye mazuri. Mlango wa chuo cha jamii ni mpana wakati wa kuingia, lakini ni mwembamba wakati wa kutoka. Wengi huingia wakikusudia kuhamia chuo kikuu baada ya miaka miwili; ni wachache tu wanaofika kwenye shahada. Kazi, watoto, pango na madeni huwakata njiani. California ilijaribu kurekebisha kwa sheria ya mwaka 2010, iliyoanzisha cheti cha uhamisho, kikiwamo cha uandishi wa habari, kinachompa mhitimu uhakika wa nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo. Ni hatua nzuri. Lakini cheti hakilipi kodi ya nyumba.

Kikwazo kingine kiko katika kazi yenyewe. Vyumba vingi vya habari hutaka mwombaji awe na shahada na awe amefanya mazoezi ya kazi, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya bila malipo au ya malipo madogo. Anayeweza kufanya kazi miezi mitatu bila mshahara katika mji wa gharama kama New York ni mtoto wa nani? Si mtoto wa mpishi. Hivyo chujio ambalo chuo cha jamii kililiondoa mlangoni linarudishwa ndani ya soko la ajira.

Na soko lenyewe linaporomoka. Mwaka 2008 vyumba vya habari vya magazeti ya Marekani vilikuwa na wafanyakazi wapatao 71,000. Mwaka 2020 walikuwa wapatao 31,000. Tangu mwaka 2005 nchi hiyo imepoteza zaidi ya theluthi ya magazeti yake, na zaidi ya kaunti 200 hazina chombo chochote cha habari cha mahali hapo. Matangazo yamehamia kwenye makampuni makubwa ya mtandao, na baadhi ya magazeti yaliyobaki yamenunuliwa na makampuni ya uwekezaji yanayopunguza waandishi ili kuongeza faida.

Hapa ndipo maana ya chuo cha jamii inapoonekana upya. Mahali ambapo gazeti la mji limekufa, gazeti la wanafunzi linaweza kuwa miongoni mwa macho machache yanayobaki kwenye vikao vya hadhara. Wanafunzi wanaosomea kazi wanajikuta wanaifanya, bila mshahara, kwa niaba ya jamii nzima. Ni sifa kwao, lakini ni fedheha kwa mfumo unaomwachia mwanafunzi wa jioni mzigo ulioshinda soko.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sisi hatukuanza jana kulifikiri jambo hili. Mwaka 1975 serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kujifunza kutoka nchi za Skandinavia, ili elimu imfuate mtu mzima mahali anapoishi. Mwaka huo huo ilianza Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania, Dar es Salaam, iliyoingizwa katika Chuo Kikuu mwaka 2003. Taasisi hizo mbili zilikwenda kila moja kwa njia yake. Mfano tulioueleza unatuuliza kama njia hizo hazikupaswa kukutana.

Swali hilo lina uzito zaidi leo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati kwa waandishi, na kanuni zake za mwaka 2017 zikaitaja stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Kuinua kiwango ni jambo jema. Lakini cheti kikiisha kuwa ufunguo wa kazi, anayeuza ufunguo anaamua nani aingie. Kama chuo kiko mjini tu na ada yake inamshinda mkulima, basi tutapata waandishi wenye stashahada wasiojua bei ya mbolea wala umbali wa zahanati. Kada anayesimamia elimu katika wilaya yake ajiulize: ni vijana wangapi wa hapa wanaosomea kazi hii, na wanasoma wapi?

Somo la pili linahusu anayelipa na anayeandika. Februari 1970, serikali ilipolitaifisha gazeti la The Standard, Mwalimu Nyerere alitamka kwa maandishi kwamba gazeti hilo litaunga mkono siasa ya nchi kwa jumla, lakini litakuwa huru kukosoa na kujadili. Mwaka uliofuata mhariri wake aliondolewa baada ya tahariri iliyoishutumu serikali ya Sudan. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu linathibitisha kwamba tatizo hili si la mabepari peke yao. Mwenye gazeti awe kampuni, chuo, serikali au chama, siku moja atasoma asichokipenda. Tamko jema la mwenye mali linasaidia. Kanuni inayomfunga hata akiwa amekasirika inasaidia zaidi.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, mfano wa vyuo vya jamii unatufundisha mambo matatu.

Kwanza, mwandishi wa umma hupatikana pale elimu inapokuwa karibu, nafuu, na ya jioni kwa anayefanya kazi mchana. Pili, uandishi hufundishwa kwa kutoa gazeti la kweli lenye wasomaji wa kweli, kuanzia na bajeti na daftari la taasisi iliyo karibu. Tatu, mlango na gazeti havitoshi bila ulinzi: sheria inayoeleweka, fungu lisilokatwa kwa hasira, na mwalimu mwenye ajira ya uhakika.

Mficha maradhi kilio humfichua. Uongozi unaoogopa gazeti la wanafunzi wa miaka 19 unaficha ugonjwa ambao kesho utahitaji mganga wa gharama kubwa zaidi. Na sisi tunaofundisha siasa tuanze na madarasa yetu wenyewe: tuwape wanafunzi ubao wa matangazo, tuwafungulie hesabu za chuo, kisha tusome watakachokiandika kabla hatujauliza nani amewaruhusu.